Macho ya Heche Yalikaa Kiti cha Mbele

Katika kata yetu nzima ya Nyanungu hakuna mtu anayenishinda kusimulia. Nikiwa darasa la sita nilishinda mashindano ya hadithi mbele ya mgeni rasmi, nikapewa daftari na kalamu mbili. Basi sawa, niseme yote: tulishindana wawili tu, na mwenzangu alibanwa na haja akakimbia kabla hajamaliza. Lakini daftari nilipewa, na kalamu moja iliandika.

Kwa hiyo nisikilizeni, akina mama, akina baba, nanyi vijana mnaosoma hii huku mnatafuna mahindi ya watu. Nawaeleza habari za nyumba moja iliyokaribia kuzikwa kwa siku moja, kwa sababu ya neno fupi ambalo baba mwenye nyumba hakutaka kulitamka. Nimezipata kwa Rhobi mwenyewe, mke wa nyumba hiyo, tukiwa tunapepeta ulezi. Rhobi akipepeta hadanganyi, hana nafasi.

Nyumba ya Heche na Rhobi ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi ng'ombe wanatoka zizini, moshi unapanda jikoni, na Heche anaiosha Noah yake nyeupe, gari lake la abiria, mpaka unajiona meno. Alikuwa dereva mwaka wa ishirini na tisa, akibeba watu kutoka kwetu mpaka Nyamongo na kuwarudisha, na hakuwahi kukanyaga hata kuku. Binti yao mmoja, Gati, alikuwa ameolewa na kijana wa Mzee Marwa, akaenda kukaa na mumewe Mugumu. Ungepita pale ungejiuliza, hawa watu wanakula nini mbona wametulia hivi?

Halafu siku moja, jua ndiyo kwanza linachomoza, Heche alisimama uani, akavua kofia, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mama."

Pipa la maji halikuitikia.

Rhobi alikuwa mlangoni, akaona yote. Pipa lile alikuwa amelifunika kwa kitenge changu nilichokisahau kwake, na Heche alidhani ni mimi. Nilipoambiwa sikukasirika. Pipa lenyewe lilikuwa jipya, na lina kiuno.

Rhobi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu alianza kukumbuka mengine. Chai iliyomiminwa pembeni ya kikombe. Ndama wa jirani aliyesukumwa zizini kwao kama wa kwao, mpaka jirani akaja na maneno makali. Yule wa bodaboda aliyelalamika kwamba Mzee Heche siku hizi hampishi mtu.

"Baba Gati," akamuuliza, "macho yako yana nini?"

"Yana kope."

"Nakuuliza vizuri."

"Nami nakujibu vizuri. Mimi nilisimama mbele ya kisu, watu wamejaa wananitazama usoni, sikupepesa jicho. Hata mara moja! Leo jicho hilohilo nilipeleke kwa daktari nikalie kama mtoto kwamba linaniuma?"

"Sikusema linauma. Nimesema halioni."

"Linaona. Wewe si uko hapo? Umevaa gauni la bluu."

Rhobi alikuwa amevaa la kijani.

Nyinyi mnaotoka mbali mnaweza msielewe. Kwetu Wakurya kijana hutahiriwa amesimama, na rika lake zima linamkodolea macho. Akipepesa, atakumbushwa mpaka ang'oke meno. Heche hakupepesa, na tangu siku hiyo heshima yake yote aliijenga juu ya jicho lile. Kukubali kwamba jicho linaumwa, kwake ilikuwa sawa na kupepesa miaka arobaini baadaye. Tena aliogopa lingine: abiria wakijua, nani atapanda?

Hapa ndipo Rhobi alipokosea, na maneno haya nimemwambia nikimtazama. Badala ya kumburuta mumewe hospitali, alipanda gari. Alikaa kiti cha mbele, safari ya kwanza mpaka ya mwisho, akawa anamsomea barabara.

"Ng'ombe kulia, watatu."

"Shimo. Lile la juzi, limekua."

"Bodaboda anakuja, kabeba godoro. Mpishe, upepo unamyumbisha."

Abiria waliona ni wivu. Akina mama wa gulio la Nyarero walimpigia makofi akishuka. "Rhobi, leo umemlinda vizuri? Hakuna aliyemwibia?" Na yeye anacheka nao, anakubali kuitwa mwenye wivu, mradi mumewe asiitwe kipofu. Mwaka na nusu! Shamba likaota magugu, kuku wakataga porini, na Rhobi sauti ikamkauka kwa kusoma barabara. Alidhani anamsaidia mumewe. Kumbe alikuwa anaukuza ugonjwa na kuulisha vizuri.

Basi Gati akajifungua mtoto wa kiume. Mzee Marwa, baba mkwe wa Gati, akaja kwa Heche amevaa koti la sherehe ingawa jua lilikuwa kali. Mke wake alikuwa ameshatangulia Mugumu kumsaidia mzazi.

"Mkwe," akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, "tunakwenda lini kumwona mwanaume mwenzetu?"

"Kesho," Heche akajibu. "Na hatupiti njia ya kila siku. Nitakupitisha hifadhini, barabara ya mlimani. Utaona nchi yote iko chini yako kama mkeka."

"Hifadhini nimewahi kuingia," akasema Marwa.

"Lini?"

"Zamani. Nilifuata ng'ombe wangu. Tuache hayo, jinsi nilivyotoka si vizuri kusimulia."

Rhobi alikuwa anawapa maji ya kunawa, akasikia yote. Barabara ya Nyamongo aliijua jiwe kwa jiwe. Ile ya mlimani hakuwahi kuipita. Usiku alimsihi mumewe, na Heche akamwambia, "Wewe si utakuwa mbele? Shida iko wapi?" Ndiyo mara ya kwanza alikiri nusu, na Rhobi akaridhika na nusu hiyo, maskini.

Asubuhi akaja pia Kijakazi, muuguzi wa zahanati yetu, binti wa Pangani aliyeletwa huku na serikali. Alikuwa anakwenda likizo, akaomba lifti mpaka Mugumu akapande basi. Rhobi alikuwa bado anampangia mizigo yake nyuma, aliposikia mlango wa mbele unafungwa.

Mzee Marwa alikuwa ameketi kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, kofia imenyooka.

Ungefanya nini wewe? Mkwe hakai nyuma. Mkwe haambiwi "sogea." Na mbele ya mkwe mwanamke wa kwetu hapayuki, hamwiti mumewe jina tupu, wala hamsahihishi. Rhobi alisimama na mkono hewani kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kuchukua. Alimtazama Heche. Heche alitazama upande wake, ila alitazama mti wa mlingoti. Basi Rhobi akapanda nyuma, akakaa na Kijakazi.

Getini waliandikwa, wakalipa, wakaambiwa waende polepole na mtu asishuke kwenye gari. Wakaingia.

Nikiri jambo moja. Barabara ile ni nzuri mpaka unasahau unakokwenda. Inapanda mlima ikijikunja, hewa inakuwa baridi, majani yananukia, na kila kona inakufungulia dirisha jipya. Chini kule Mto Mara unameta kama uzi, na nyumbu wamezagaa kama ulezi uliomwagika. Twiga anakutazama kwa juu kama mwalimu wa zamu. Kijakazi alikuwa anapiga picha, Marwa anasimulia habari za fahali wake wa zamani, na gari lote lilikuwa na furaha, isipokuwa Rhobi, ambaye hakuona mto wala twiga. Aliona barabara tu, kupitia katikati ya mabega mawili ya wanaume.

Alijaribu ujanja. Akaamua kuwa mtalii.

"Jamani! Tazameni kona hii ya kulia ilivyo nzuri!"

Heche akakata kulia.

"Na jiwe hilo! Jiwe la kupendeza, liko kushoto, karibu kabisa na tairi!"

Heche akalikwepa.

"Korongo hilo la mbele nalo, Mola wangu, limekula nusu ya barabara kwa uzuri!"

Kijakazi alishusha simu. "Mama, wewe wapenda mawe kuliko twiga?"

"Napenda vyote, mwanangu."

Mzee Marwa hakugeuka hata mara moja. Alikuwa amefika pale fahali anapovunja uzio.

Walipoanza kuteremka upande wa pili, jua lilikuja mbele. Liliingia kwenye kioo lote kwa pamoja. Sisi wenye macho mazima tunakunja uso kidogo, tunaendelea. Kwa Heche, kama alivyoeleza baadaye, dunia yote ikawa maziwa. Rhobi aliona shingo yake inakaza. Aliona ameukaribia usukani mpaka kidevu kinaugusa. Aliona Noah inaelekea kushoto, taratibu, kwenye bonde, upande wa mkwe.

"Kona nzuri ya kulia," akasema. "Baba Gati, kona... kona nzuri sana..."

"...nikamshika pembe zote mbili!" Marwa akanguruma, na sauti ya Rhobi ikafunikwa.

Kisha kona yenyewe ikajifungua, na katikati ya barabara alisimama tembo jike na mtoto wake.

Rhobi aliniambia ulikuwa muda wa kumeza mate tu, lakini aliwaza mengi. Akipiga kelele, amemvua mumewe nguo mbele ya mkwe, na mwaka na nusu wa kuficha umekwisha. Akinyamaza, mjukuu wake atapokea babu wawili na bibi mmoja ndani ya masanduku, na mtoto wa watu wa Pangani juu yake.

"HECHE! BREKI! TEMBO!"

Jina tupu. Mbele ya mkwe.

Mguu wa Heche ukakanyaga wenyewe. Noah ikateleza kwenye changarawe, ikageuka ubavu kidogo, ikasimama. Vumbi likawapita, likaenda mbele yao. Lilipotulia, tembo alikuwa hatua kama kumi, masikio ameyatandaza. Na Mzee Marwa aliyechungulia dirishani kwake hakuona ardhi. Aliona vichwa vya miti.

Tembo aliwatazama, akawapima, akaona hawana maana. Akavuka. Mtoto wake akamfuata mbio, mkia juu.

Heche alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. Alisema polepole, "Mama Gati. Wamepita?"

"Wamepita."

"Walikuwa wangapi?"

"Wawili. Mama na mtoto."

Akauachia usukani. "Mimi niliona jua tu."

Basi, ndilo neno lenyewe. Fupi hivyo. Machozi yalimtoka Heche, na aliyafuta kwa mkono wa shati, na alipepesa, alipepesa sana. Rhobi akageukia kiti cha mbele, kichwa ameinamisha. "Mkwe, nisamehe. Nimepiga kelele mbele yako. Lakini mume wangu haoni. Tangu mwaka juzi, mimi ndiye ninamwonea, na nilinyamaza. Nimewaweka kwenye kaburi kwa mikono yangu."

Mzee Marwa alikaa kimya mpaka Rhobi akadhani ndoa ya Gati imevunjika palepale. Kisha akasema, "Unasema?"

"Ninasema, nisamehe..."

"Sema kwa nguvu, mkwe. Sikio hili la kushoto limekufa, na la kulia linachagua. Mwaka wa tatu sasa. Sijamwambia mtu."

Kijakazi, aliyekuwa analia kwa hofu, aliangua kicheko. Kisha uuguzi ukamrudia. Akamwambia Heche ageuke, akamulika macho yake kwa tochi ya simu, moja baada ya jingine. "Baba, huu ni mtoto wa jicho. Mboni zimekuwa nyeupe kama tui. Watolewa huu, waona tena. Upasuaji wenyewe si mrefu. Mwaka na nusu mwauguza siri, dawa mnayo karibu?"

"Inatibika?" akauliza Rhobi.

"Yatibika, mama."

Rhobi aliniambia hapo ndipo alipotaka kumpiga Heche kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Lakini kwanza ilibidi watoke mlimani, na kushuka kwenye gari hakuruhusiwi, achilia mbali tembo waliokuwa bado wanakwangua miti pale jirani. Kijakazi akasema yeye anaendesha. Alijifunzia kwenye lori la baba yake la kubebea nazi. Basi ikawa kazi ya kubadilishana viti ndani kwa ndani. Heche akarudi nyuma mguu mmoja mmoja, akakalia kikapu cha ndizi. Kijakazi akapita juu, ushungi ukanasa kwenye fimbo ya Marwa, na Marwa, asijue pa kutazama kwa heshima, akafumba macho akaanza kuomba kwa sauti. Kijakazi akairudisha Noah nyuma, kidogo, kidogo tena, mpaka tairi la kushoto likapata nchi. Mzee Marwa akafumbua jicho moja.

"Kumbe wanawake wa Pwani ni madereva hivi?"

"Mzee, hujaniona nikiwa na nazi."

Walishuka mlima mwendo wa kinyonga. Heche alikaa nyuma karibu na mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anunue gari. Baada ya kona mbili tatu akamgusa mkono. "Nieleze," akasema. "Si barabara. Nieleze nchi." Na Rhobi kwa mara ya kwanza siku ile akaangalia nje. Akamweleza mto, akamweleza nyumbu, akamweleza kivuli cha wingu kinavyotambaa juu ya majani. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa haina hofu.

Mugumu walifika salama. Gati alipoelezwa alimpa baba yake mtoto, na palepale akamfokea, "Baba, ungetuachia nini? Sifa ya kutopepesa?" Heche alimsogeza mjukuu mpaka pua zikagusana, apate kumwona.

Wiki ya tatu walimpeleka hospitali, jicho moja kwanza, na baadaye la pili. Walipombandua bandeji, Rhobi alikuwa amesimama mbele yake. Heche alimtazama kwa muda mrefu.

"Mama Gati," akasema, "umezeeka lini?"

"Wakati ule ulipokuwa unasema unaona."

FUNZO

Ndugu zangu, funzo la hadithi hii liko wazi, lakini nitalisema, kwa sababu wapo kati yenu wanaosoma wakiwa wanasinzia.

Ugonjwa hauoni aibu. Aibu tunaiona sisi, na ugonjwa unapata nafasi ya kukua. Mwanaume kusimama imara mbele ya kisu ni jambo lake na rika lake, tunamheshimu. Lakini kwenda kupima macho, masikio, presha au sukari si kupepesa. Dereva asiyeona vizuri ameshika roho za watu wote waliomo, na mkwe wake yumo.

Nanyi wake, waume na watoto mnaowafichia wapendwa wenu: mlevi mnamwita mchovu, kipofu mnamsomea njia, kiziwi mnamjibia. Msiwafichie. Kama unampenda mtu, mpeleke akatibiwe mapema, hata akinuna. Kununa kunaisha. Zahanati ipo, na wauguzi wake wanajua kazi. Mzee Marwa naye ameshapimwa masikio. Siku hizi anasikia kila kitu, na wajukuu wanajuta.

Ningeishia hapo, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, funzo likija unaweka kalamu chini. Lakini mmenisikiliza vizuri, nawaongezea kidogo.

Daktari alipomruhusu Heche kurudi barabarani, Rhobi alitaka kurudi shambani kwake. Heche akamshika mkono, sura ya huzuni. "Jicho hili la kushoto bado lina ukungu, Mama Gati. Kidogo tu. Kaa mbele unisomee." Rhobi akakaa. Wiki mbili akasoma mashimo na ng'ombe na bodaboda, na Heche anaitikia "eeh," "nimeona," "asante mama," na anaonekana amefurahi kuliko mtu mwenye ukungu. Mpaka siku moja, wanakuja kutoka Nyamongo, Rhobi akaamua kunyamaza kimya.

Mbele kidogo, Noah ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Mbona umesimama, Baba Gati? Barabara nyeupe hiyo."

"Nampisha kuku."

"Kuku yuko wapi?"

"Si yule kule mbali, chini ya mkonge ule, ana vifaranga sita, mmoja anachechemea mguu wa..."

Heche akatazama usukani.

"Endelea," akasema Rhobi. "Mguu wa kulia, au wa kushoto?"